Upepo wa Ruzizi: tarehe ya mafundi wa rangi, Mumosho na Bukavu

Ufundi wa kupuliza rangi magari katika sehemu hizi una mianzo miwili, na ule wa zamani zaidi hauna gari ndani yake. Wahunzi wa Bushi, nchi ya Washi, waliofua majembe na visu karne nyingi kabla ya Mzungu, walishindilia hewa kwa mivukuto ya ngozi: kijana anakandamiza kwa zamu mkono wa kuume na wa kushoto, hewa inapita mdomo wa udongo, makaa yanawaka meupe. Kijana akichoka, chuma kinapoa. Fundi wa rangi wa leo anakutana na shida hiyohiyo pale kompresa inapozimika mlango wa gari ukiwa nusu.

Mwanzo wa pili umetoka mbali. Huko Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, daktari Allen DeVilbiss alibuni, mwishoni mwa karne ya 19, chombo cha kunyunyiza dawa kooni mwa wagonjwa. Mwaka 1907 mwanawe Thomas akatoa katika wazo hilo pistole ya rangi. Magari bado yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kungojea majuma yakauke, mpaka kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya Duco mwaka 1923. Duco ilikauka upesi mno hata brashi haikuiweza, ilitaka kupulizwa. Tangu hapo rangi ya gari na kompresa havikuachana tena.

Magari yalifika Kivu kwa njia ya ziwa Tanganyika, yakashushwa Uvira, yakapanda tambarare ya Ruzizi hadi Kamanyola, kisha ngazi za Ngomo, ambako barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima na korongo liko chini ya gurudumu. Anayetaka kujua kwa nini rangi ya gari haidumu Kivu aanzie Ngomo: mawe yanachubua milango, vumbi linasugua kama msasa, na masika yakija udongo mwekundu unajificha chini ya madigadi na kula bati kimya kimya. Mji uliokuwa juu huko, Costermansville, ambao tangu miaka ya 1950 unaitwa Bukavu, ulikuwa na garaji za Wabelgiji, na Mkongo alikuwa wa kusugua, kuosha na kushika taa. Kushika taa kulikuwa shule nzuri kuliko walivyodhani wenye garaji.

Umeme wa kuendesha mashine ulitoka mtoni. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale maji ya Kivu yanapotoka ziwani, na kwa muda mji ulikuwa na nguvu za kutosha. Halafu ikaja 1967. Mamluki wa Jean Schramme waliushika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, na waliporudishwa nyuma mji ulikuwa magofu. Wengi wa wenye garaji waliokimbia hawakurudi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire. Vipuri vikaadimika, rangi ikawa ya kubahatisha. Ila mashine zilizochakaa zilibaki na watu waliozijua, na ufundi ukahama kutoka kwenye majengo kwenda chini ya miti na kando ya barabara, katika mitaa ya Kadutu na Panzi, na kushuka kuelekea bonde.

Hapo ndipo Mumosho inapoingia. Ni kijiji cha eneo la Kabare, kusini ya Bukavu, mihogo na migomba juu ya miteremko, Ruzizi chini na Rwanda ng'ambo. Mwaka 1989, katika bonde hilohilo, ilianza kazi Ruzizi II, megawati 43.8, chini ya SINELAC, kampuni ya nchi tatu: Zaire, Rwanda na Burundi. Nyaya zikapita juu ya vilima kwenda mijini. Hata hivyo, anayepuliza rangi karibu na mto huo mara nyingi hutumia petroli. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika tarehe hii, kuliko hata vita.

Vita navyo vilikuja, uporaji wa 1991 kwanza, kisha Oktoba 1996, kisha 1998. Katikati ya hayo, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walivuka, na nyuma yao magari meupe ya mashirika ya misaada. Yalipozeeka yakauzwa, na aliyeyanunua hakutaka kuonekana akiendesha gari la shirika: alama zifutwe, weupe uondoke. Nyeupe, watasema mafundi, ni ngumu kufunika kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila mkwaruzo wa baadaye unaifichua.

Sasa tuseme kazi yenyewe, maana wengi wanaosifu rangi hawaangalii upepo. Tolye, yaani fundi wa bati, ananyoosha bati kwanza, anajaza mashimo kwa mastiki, anasugua kwa msasa mkali na kumalizia kwa laini ndani ya maji. Vioo vinafunikwa magazeti na skochi. Baada ya hapo kila kitu kinategemea hewa: iwe nyingi, iwe kavu, isiwe na mafuta.

Nyingi, hapa, si rahisi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Kompresa ikivuta pumzi ileile inapata hewa pungufu, na injini ya petroli inayoizungusha nayo inapoteza nguvu kwa kipimo karibu hichohicho. Hasara inaingia mara mbili. Pistole ya kawaida inataka lita 200 hadi 350 kwa dakika. Kompresa ndogo ya tangi la lita 50 haifiki huko, kwa hiyo fundi anapuliza kipande, anangoja sindano ya geji ipande, anapuliza tena. Pale alipongoja panabaki mstari, na mwenye gari atauona Jumapili juani.

Kavu ni kazi nyingine. Hewa ikishindiliwa inapata moto. Ikipoa tangini inatoa maji. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua ikinyesha karibu kila siku, tangi linajaa maji kwa kazi ya asubuhi moja. Yakipita kwenye pistole, rangi inatoka na weupe wa ukungu au inachomoka vitundu. Chujio la maji lisifungwe mdomoni mwa kompresa, kwani hewa iko moto bado na maji yamo ndani kama mvuke: liwekwe mwisho wa bomba refu, baada ya hewa kupoa. Bomba liinamishwe kidogo, na tawi la pistole litoke juu yake, chini libaki bomba la kumwagia. Plastiki ngumu ya maji ya nyumbani isitumike. Shinikizo likipanda inapasuka vipande vya kukata. Na wanaogeuza mitungi ya gesi au matangi ya breki za lori kuwa kompresa wajue kwamba kutu inakula kwa ndani, ambako jicho halifiki, na kwamba vali ya usalama si pambo.

Kuna pia mapafu. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zina isosianati, na hiyo inaweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi la mastiki, mvuke hakiuzuii.

Mjini Bukavu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika na kurudi kwa zamu, na mgao huo, delestaji, umekuwa saa ya kazi. Taka za plastiki zinazotupwa ziwani huziba mitambo ya Ruzizi I, hivyo chupa iliyotupwa mtaa wa Nguba inaweza kuzima kompresa ya Kadutu. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, benki zikafunga milango, fedha ikakauka. Watu walitengeneza breki na kuacha rangi. Ni kawaida ya ufundi huu: katika shida ndio wa kwanza kuahirishwa.

Juu ya Ruzizi III, bwawa linalosemwa miaka mingi, karatasi zimetiwa sahihi na megawati 206 zimetajwa. Kabla maji hayajaingia mitamboni, anayenunua kompresa Mumosho leo afanye hivi: achukue kichwa cha kompresa kinachozungushwa kwa mkanda badala ya kile kilichoungana na mota. Aanze na injini ya petroli. Siku umeme utakaposhuka kilimani, atatoa injini, aweke mota, mkanda uleule.