Kunusa na Kusikia Harufu

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 16 Machi, 2020. Jina la ugonjwa lilipatiwa ufumbuzi: UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona wa mwaka 2019. Dalili zake hazikupata bahati hiyo. Tarehe 18 Mei mwaka huo Uingereza iliongeza upotevu wa hisi za harufu na ladha katika orodha yake ya dalili kuu, na katika tafsiri za Kiswahili yakaenea maneno “kupoteza uwezo wa kunusa”. Tafsiri hiyo ina kasoro.

Kunusa ni tendo: mtu huvuta hewa puani akiitafuta harufu. Kile akipatacho, Mswahili hukitajia kitenzi kingine: *husikia* harufu. Mwenye mafua ya kawaida pua yake imeziba. Wa korona mara nyingi haikuziba, naye hunusa barabara ila hasikii kitu. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba virusi hivyo hushambulia hasa seli zinazotegemeza neva za harufu, si neva zenyewe.

Tuchukue Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama (iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012), ambako Kiswahili cha zahanati hukutana na Kinyiramba cha nyumbani. Mganga akimwuliza bibi mmoja, “Mama, unaweza kunusa?”, atajibiwa, “Ndiyo, mwanangu”, na jibu hilo ni la kweli. Dalili imekwisha potea daftarini. Angeuliza, “Mama, unasikia harufu ya mafuta haya ya alizeti?”, ugonjwa ungejitokeza.

*Ladha* nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni raha ya kitu. Ndiyo maana mgonjwa husema “mlenda hauna ladha”, lawama ikamwangukia mpishi. Tena mara nyingi ulimi nao hauna hatia: chumvi na ndimu bado hutambulikana, kilichotoweka ni harufu ipandayo puani wakati wa kutafuna.

Wapo pia ambao harufu huwarudia imepotoka. Kahawa na vitunguu vya kukaanga, vilivyokuwa vikinukia, sasa vinanuka. Lugha nyingine huhitaji maelezo marefu hapa. Sisi twabadili kiambishi kimoja tu.

Kwa hali ya kwanza napendekeza *kutosikia harufu*. Kwa ya pili, *kutotambua ladha*. Kwa hii ya mwisho, *harufu geu*. “Kupoteza uwezo wa kunusa” kuondolewe, kwanza katika fomu za zahanati.