Nani Anaweza Kusema Simama? Mamlaka ya Muuguzi na Dhana ya Ushirikiano katika Huduma ya Mgonjwa

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohimiza wanafunzi wa fani mbalimbali za afya wasome pamoja ili baadaye wafanye kazi pamoja. Tangu hapo dai moja limejijengea makao katika sera na mitaala: kwamba wauguzi, madaktari, wafamasia na watu wa maabara hawashirikiani ipasavyo kwa sababu hawafahamiani, na kwamba wakikalishwa darasa moja na kufunzwa kusikilizana, mgonjwa atanufaika. Makala haya yanalipinga dai hilo. Kufahamiana kuna faida zake na sizikatai. Ninachokataa ni kufanya kufahamiana kuwa chanzo cha ushirikiano. Nadai kwamba kiini cha ushirikiano kando ya kitanda cha mgonjwa ni mamlaka: nani anaweza kuisimamisha kazi inayokwenda vibaya, na nini kinampata baada ya kuisimamisha. Pasipo mamlaka hayo, semina ya mawasiliano humfundisha muuguzi kunyamaza kwa adabu zaidi.

Kwamba ushirikiano unaokoa maisha, hapo hakuna ubishi mkubwa. William Knaus na wenzake walilinganisha mwaka 1986 vitengo vya wagonjwa mahututi katika hospitali 13 za Marekani, wagonjwa 5,030 kwa jumla, wakaona kuwa tofauti za vifo zilikwenda zaidi na namna wahudumu walivyoratibu kazi yao kuliko ubora wa mitambo. Ugomvi unaanza tunapouliza ushirikiano huo unazalishwaje. Mapitio ya Cochrane kuhusu mbinu za kuukuza, yaliyoongozwa na Scott Reeves mwaka 2017, yalipata tafiti 9 tu zilizokidhi vigezo, na ushahidi wake ulikuwa dhaifu. Msingi huu ni mwembamba mno kwa jengo zito kiasi hiki la sera, na wanaolitetea jengo hilo wangepaswa kulisema jambo hili wazi kuliko wanavyolisema.

Aliyeliona tatizo mapema ni daktari wa magonjwa ya akili, Leonard Stein, katika makala yake ya mwaka 1967. Alieleza muuguzi anayempigia daktari simu usiku kumwambia mgonjwa hapati usingizi. Daktari anauliza ni dawa gani ilimsaidia siku zilizopita. Muuguzi anaitaja, pamoja na kipimo chake. Daktari anairudia kama agizo, muuguzi anashukuru. Uamuzi umetoka kwa muuguzi, lakini kumbukumbu zote zitasema umetoka kwa daktari. Mwaka 1990 Stein na wenzake waliandika kwamba wauguzi wa Marekani walikuwa wameanza kuukataa mchezo huo. Katika wodi zetu naona bado unachezwa kila siku. “Daktari, sijui kama umeiona presha ya mama wa kitanda cha sita?” anauliza sista kwenye raundi, naye ndiye aliyeipima alfajiri, akaiandika 170 kwa 110, akairudia kuipima kwa mkono wa pili na kuanza kumwandalia mama yule dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Anajua kila kitu kinachopaswa kufanyika. Kinachokosekana ni njia ya kulisema bila kuomba radhi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka katika chumba cha upasuaji, kwa sababu huko jaribio la aina moja limefanyika mara mbili na kutoa majibu mawili. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane katika miji ya Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara, mkoani Morogoro, zilijaribu orodha hakiki ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Kazi husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa. Kila aliyemo hutaja jina na kazi yake. Muuguzi huthibitisha kwa sauti kuwa vifaa vimetakaswa; mwishoni husema kama hesabu ya shashi, sindano na vifaa imetimia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na Alex Haynes na wenzake yalitikisa fani nzima: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Katika hospitali za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, vifo vilishuka kutoka asilimia 2.1 hadi 1.0.

Kisha ikaja Ontario. Serikali ya jimbo hilo la Kanada ilizitaka hospitali zitangaze hadharani kiwango chao cha kutumia orodha ya aina hiyo, nazo zikatangaza viwango vya juu mno, nyingi zikikaribia asilimia 100. David Urbach na wenzake walipochunguza hospitali 101 na upasuaji zaidi ya 200,000, mwaka 2014, walikuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti isiyoweza kutenganishwa na bahati. Madhara yalikuwa asilimia 3.86 kabla na 3.82 baada. Karatasi ni za aina moja na visanduku vinafanana.

Maelezo ya kawaida ni mawili. Kwanza, Ontario ilikuwa tayari salama, basi nafasi ya kuboresha ilikuwa ndogo. Pili, utafiti wa hospitali nane ulilinganisha kabla na baada bila kundi la kulinganishia. Yote mawili ni ya kweli. Lakini hayaelezi kwa nini asilimia inayokaribia 100 ya visanduku vilivyojazwa haikusogeza hata madhara, ambayo hayakuwa machache. Mimi nasoma tofauti hiyo hivi: katika zile nane, timu zilifundishwa na kufuatiliwa, na kusimama kulikuwa kusimama kweli; Ontario, kilichodaiwa na wakubwa kilikuwa tarakimu, na tarakimu ikapatikana. Karatasi inaweza kujazwa baada ya upasuaji kumalizika, au na mtu mmoja akiwa pembeni wakati daktari keshaanza kupasua. Ushirikiano hapo unakuwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakikutokea.

Mwongozo wenyewe wa Shirika la Afya Duniani unakiri ugumu huu, na nashangaa kifungu hicho hakinukuliwi mara nyingi zaidi. Unasema mtu mmoja ateuliwe kuisimamia orodha, mara nyingi yule muuguzi anayezunguka chumbani kuwapa wenzake vifaa. Unaongeza kwamba ingefaa mtu huyo awe na uwezo wa kuzuia kazi isiendelee mpaka kila hatua itimizwe, ila kufanya hivyo kunaweza kuwaudhi wenzake, kwa hiyo hospitali ifikirie kwa makini nani apewe jukumu hilo. Hapo ndipo penye fundo lote. Uwezo wa kuzuia umetajwa kama jambo la kufaa tu, kisha hofu ya kumuudhi daktari ikawekwa kando yake kana kwamba vinalingana uzito. Waliothubutu kwenda mbali zaidi ni Peter Pronovost na wenzake katika vitengo vya wagonjwa mahututi vya Michigan. Huko muuguzi alipewa ruhusa rasmi ya kumsimamisha daktari anayeingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu bila kufuata taratibu za usafi, na uongozi ukasimama nyuma yake. Kwa mujibu wa taarifa yao ya mwaka 2006, kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa siku 1,000 za mrija hadi sifuri. Huko pia kulikuwa na mambo mengine, yakiwemo vifaa vilivyowekwa pamoja tayari na takwimu zilizorudishwa wodini kila mara, kwa hiyo sidai kuwa ruhusa ile pekee ndiyo iliyofanya kazi yote. Nadai kwamba bila hiyo mengine yangebaki mapendekezo.

Afrika ina mfano wake, wa zamani kuliko orodha hakiki na kuliko Michigan. Hugh Philpott alipoitengeneza partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alichora mstari wa tahadhari na, saa nne kulia kwake, mstari wa hatua. Mkunga wa zahanati ya mbali akiona uchungu umevuka mstari wa kwanza, anampeleka mama hospitali. Hahitaji kumshawishi mtu. Mstari umekwisha kukubaliwa na daktari kabla uchungu haujaanza. Partografu mara nyingi hutazamwa kama chombo cha kupimia maendeleo ya uchungu. Mimi naiona pia kama mkataba wa mamlaka kati ya mkunga na daktari, na nadhani panapofeli ni pale mkataba huo unapovunjwa: mkunga amechora, ameita, na hakuna aliyekuja.

Nitaambiwa kwamba utamaduni wetu unaheshimu wakubwa, na muuguzi kijana hawezi kumkatiza bingwa. Hoja hii naipa uzito mdogo. Watu aliowaeleza Stein walikuwa Wamarekani, na waliojaza visanduku Ontario hawakulelewa Kigoma wala Kisumu. Daraja ndani ya hospitali lina mizizi yake lenyewe.

Nitaambiwa tena kwamba daktari ndiye anayebeba dhamana, hivyo neno la mwisho ni lake. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza lake linaweza kumwajibisha muuguzi kwa jina lake. Kumbebesha mtu dhamana ya kosa huku ukimnyima uwezo wa kulizuia ni dhuluma, na ni hatari kwa mgonjwa.

Pingamizi zito ni uhaba. Muuguzi aliye peke yake usiku na wodi iliyojaa hana wa kumsimamisha, maana hakuna aliyepo. Na majaribio ya Uttar Pradesh, India, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba orodha hakiki ya uzazi pamoja na wakufunzi iliboresha utendaji wa wakunga katika vituo 60 kati ya 120 vya utafiti bila kupunguza vifo. Hapa nakubali nusu. Mamlaka hayaleti damu, dawa wala gari la wagonjwa. Lakini uhaba unaongeza thamani ya kila jicho lililopo. Kenya ililiona hilo mwaka 2017: madaktari wa umma walirudi kazini mwezi Machi baada ya mgomo wa siku 100, kisha wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba, na wodi nyingi zikafungwa huku madaktari wakiwepo.

Kinachofuata kwa sera, kama ninasoma ushahidi huu sawasawa, ni mabadiliko ya kile kinachohesabiwa. Wizara na mabaraza ya taaluma yaache kuuliza ni wangapi wamehudhuria semina na ni visanduku vingapi vimejazwa. Mwongozo wa kila hospitali utaje kwa cheo nani anaweza kusimamisha upasuaji, utoaji wa dawa au kuruhusiwa kwa mgonjwa kwenda nyumbani. Utaje ataitwa nani daktari akikataa. Na kila tukio la kusimamisha liandikwe na kujadiliwa mbele ya wote wawili, muuguzi mkuu na daktari mfawidhi, ndani ya siku chache. Chumba cha upasuaji ambacho mwaka mzima hakina hata tukio moja la namna hiyo kifikiwe kwanza na wakaguzi, hasa ikiwa orodha zake zote zimejazwa kikamilifu.