Kichocheo: neno la jikoni lililoingia maabara

Kwetu Kiamunyi, viungani mwa Nakuru, neno 'uchochezi' halitamkwi kwa wepesi. Waliokuwepo Januari 2008 wanajua kwa nini. Ndiyo maana kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia kwa Kiingereza, aliponiuliza mbona kamusi inakiita kitu chema 'kichocheo', sikumcheka.

Asili yake ni jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni mafigani ili moto ukolee. Kuni huteketea, mkono uliozisukuma hubaki. (Wachochezi wa siasa nao ni vivyo hivyo: wanaoungua ni wengine.) Mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner alielekeza haidrojeni kwenye platinamu yenye vitundu kama sifongo. Gesi ikawaka yenyewe, platinamu ikabaki ilivyokuwa. Jina lilikawia hadi 1835, Berzelius wa Uswidi alipolitoa katika Kigiriki, kwa maana ya kulegeza. Wao walilegeza, sisi tukachochea! Kwangu mimi, letu linaonyesha kazi vizuri zaidi.

Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria wa Wales, alipata umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni kwenye platinamu iliyozamishwa katika asidi. Hapo ndipo zilipoanzia seli za haidrojeni. Taabu ni kwamba platinamu ni ghali na hufanya kazi usoni tu. Ya ndani ni mali iliyolala. Basi siku hizi chumvi ya platinamu huyeyushwa, ikachanganywa na unga wa kaboni, kisha kemikali nyingine huigeuza kuwa chembe za nanomita chache zilizoganda kwenye kaboni hiyo. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita mraba 6. Ugawe uwe michemraba ya nanomita 5, utapata mita mraba 1,200. Hiyo ni zaidi ya robo ekari, jamani, na robo ekari hapa Kiamunyi si mchezo!

Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani. Maneno haya hayatakaa maabara tu. Yatafika redioni na barazani. Nikamshauri kijana atumie 'kichapuzi', kutokana na kuchapua mwendo. Akakataa: kuchapua hakusemi nani anaungua na nani anabaki.

Daftarini huandika 'kichocheo'. Akimweleza nyanyake, husema 'kichapuzi'.