Flashi Saa Saba Mchana

Hebu chukua albamu yoyote ya harusi za mjini, ya zamani kidogo, enzi zile za kupeleka filamu studio ikasafishwe. Tazama picha zilizopigwa nje, saa saba mchana. Gauni la bibi harusi linang'aa, suti ya bwana imenyooka, maua unayahesabu moja moja. Lakini macho yako wapi? Chini ya paji la uso pana mashimo mawili meusi. Jua lilikuwa utosini, likamwaga mwanga wote kichwani na mabegani, usoni likaacha kivuli. Na watu wakiziona hawakawii: "Aa, mpiga picha mwenyewe bomu!" Labda. Au labda aliogopa kuchekwa akiwasha flashi mchana kweupe.

Maana wengi wetu tunaamini flashi ni taa ya giza. Imani hiyo ina mzizi wake. Flashi ilizaliwa kwa ajili ya giza, na ilizaliwa kwa kishindo.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na klorati ya potasiamu. Ukiuwasha, unapata mwanga mkali wa ghafla na moshi mzito. Mwaka huohuo habari zilimfikia Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa akiandika habari za polisi kule New York. Riis alikuwa ameandika sana juu ya vyumba vya maskini, kalamu tupu ikashindwa kuwashtua wakubwa. Basi akaanza kuviingia usiku na kamera. Mwanzoni unga ulilipuliwa kwa kifaa mfano wa bastola, watu wakaingiwa na hofu. Baadaye akatumia kikaango. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuwasha moto nyumba mara mbili, na mara moja akajiwasha yeye.

Kitabu chake cha 1890, How the Other Half Lives, kilisaidia kuamsha madai ya kurekebisha nyumba zile. Kazi hiyo tumsifu. Lakini ziangalie vizuri nyuso zenyewe: baadhi wametoa macho, wengine wamekurupushwa usingizini. Hakuna aliyewauliza. Mwanga uliokuja kuwatetea ulianza kwa kuwavamia.

Baada ya hapo flashi ilifugwa taratibu. Kufikia 1930 ilikuwa imefungiwa ndani ya balbu ya kioo: unapiga moja, unatupa, unaweka nyingine. Mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza flashi ya umeme, mrija wa gesi unaotoa mwanga mfupi kama radi, tena na tena. Mwaka 1964 Voigtländer ya Ujerumani iliiweka flashi hiyo ndani ya kamera yake, Vitrona. Mwaka 1975 Konica ya Japani ikatoa C35 EF, kamera ndogo iliyoieneza flashi ya ndani kwa watu wa kawaida. Kile kishindo cha kikaango kikawa kijidirisha kidogo pembeni mwa lenzi.

Kijidirisha hicho kina nguvu ndogo, na hapo ndipo penye uhondo. Tuchukue flashi ya ndani yenye namba ya mwongozo 12 kwa mita, na filamu ya ISO 100. Jua likiwaka sawasawa, kamera utaiweka 1/125 ya sekunde na tundu la lenzi namba 16. Gawa 12 kwa 16: flashi yako inalingana na jua umbali wa robo tatu ya mita tu! Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu, inabaki robo ya nguvu hiyo, maana umbali ukizidi mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Ukifika mita tatu, huna kitu. Lakini ile robo ndiyo hasa tunayoitaka. Haifuti kivuli, inakilainisha. Macho yanarudi, na mtazamaji hajui kama kuna taa iliyowaka. Huo ndio mwanga wa kujazia.

Ila nyuso zetu zina kisa kingine, na hicho si cha jua. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi ikaitwa Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Sisi wengine je? Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Sasa linganisha na hili. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi, Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba pasi yenye picha yake. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba ufundi wa kampuni yao unatumika kutengeneza pasi hizo, wakaanzisha kampeni ya kuisusia. Mwaka 1977 Polaroid ikaacha kuuza huko. Kamera yake ya vitambulisho, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na ngozi nyeusi ikaonekana barabara. Kumbe mwanga wa kututosha ulikuwepo! Ulipatikana pale uso wetu ulipotakiwa na askari.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa kamera na wa kalamu, tusidhani shida yote ni mashine. Swali ni nani anautaka uso huu uonekane, na mwenye uso amekubali? Riis alikuwa na nia njema, lakini hakuuliza. Mwenye pasi hakuwa na la kusema. Sisi tuna nafasi ya kuuliza kwanza.

Basi siku ukimkuta mama muuza ndizi chini ya jua la saa saba, mwamkie, mwombe ruhusa. Akikubali, msogelee hadi hatua mbili, washa kile kijitaa, bonyeza. Wapita njia wacheke wakitaka. Jua litabaki lilipo, na macho yake utayaona.