Ukatili kwa wanyama: Je, ni dalili ya uhalifu?

Mtoto anayemtesa paka au mbwa kwa makusudi, je, atakuwa mhalifu ukubwani? Swali hilo limewashughulisha madaktari na polisi wa Marekani kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1963 John Macdonald, daktari wa magonjwa ya akili katika jimbo la Colorado, aliandika kuhusu wagonjwa 100 waliotishia kuua. Alitaja mambo matatu aliyoyaona katika utoto wa baadhi yao: kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kuwatesa wanyama. Fikra hiyo ilienea haraka, lakini utafiti wake wa baadaye haukuithibitisha.

Mwaka 1999 watafiti wa Massachusetts walilinganisha watu 153 walioshtakiwa kwa kuwatesa wanyama na majirani zao 153. Waliowatesa wanyama walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuwa na rekodi ya uhalifu wa kutumia nguvu. Hata hivyo, ukatili kwa wanyama haukutangulia daima. Mara nyingine ulifuata makosa mengine.

Tangu mwaka 1987, mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unautaja ukatili huo miongoni mwa dalili za matatizo ya mwenendo kwa watoto. Dalili hiyo peke yake haitoshi kumhukumu mtoto. Huenda yeye mwenyewe anapigwa, au anamshuhudia mama yake akipigwa. Aidha, wengi wa wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu wala mnyama.

Katika nyumba zenye ugomvi, mnyama huweza kugeuzwa silaha. Baadhi ya wanaume hutishia kumuua mbwa au paka wa familia ili mke asithubutu kuondoka.

Kwa sababu hizo sheria zimebadilika. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilianza mwaka 2016 kukusanya takwimu za ukatili kwa wanyama kama kosa linalojitegemea. Mwaka 2021 England na Wales ziliongeza adhabu ya juu kabisa kutoka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5.

Kwa wazazi na walimu, ukatili huo si utabiri wa mauaji. Ni sababu ya kuuliza mapema nani mwingine anaumizwa katika nyumba hiyo, na kumtafutia mtoto msaada badala ya kumpa kipigo kingine.