Jirani Ndiye Karatasi: Historia Ndogo ya Avenyu Zetu za Uvira



Mu mkutano wetu uliopita tulibishana sana juu ya sanduku la matanga. Kuna waliosema: sanduku ni la sisi tuliorudi, basi; wale waliobaki Uvira hawakula maharagi ya kambi pamoja na sisi. Wengine wakasema majirani waliobaki nao waingie, mradi walipe mchango sawa na sisi. Sauti zilipanda, mkutano ukafungwa bila jibu. Komite ikaniomba niandike kidogo juu ya historia ya kartie zetu, labda itatusaidia kuamua. Mimi nilikulia Mulongwe, nikakimbia 1996, nikarudi 2006. Ninaandika niliyoyaona na niliyoyasikia kwa wazee.

Tuanze mbali kidogo. Uvira ni mji mwembamba. Huku milima, huku ziwa Tanganyika, na Bujumbura inaonekana ng'ambo usiku kwa taa zake. Wavira ndio wenyeji wa hapa. Lakini tangu zamani mahali hapa pamekuwa pa watu wanaofika kwa mitumbwi. Waingereza Burton na Speke walipofika Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa kutoka pwani wamekwisha kuizoea Uvira, wakinunua pembe za tembo na, kwa aibu ya historia, watu pia. Kiswahili hiki tunachokisema kilipanda mitumbwi ileile. Baadaye wakaja Wabelgiji, bandari ya Kalundu ikaleta kazi, na upande wa uwanda wa Ruzizi kiwanda cha sukari cha Kiliba kikavuta wafanyakazi. Avenyu yetu ilikuwa na Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warega, Washi, na fundi cherehani mmoja Mkasai ambaye kila mtu alimwita Papa Kasai mpaka tukasahau jina lake la kweli.

Watu wa namna hiyo, wasio wa ukoo mmoja, waliishi pamoja kwa nguvu ya nini? Mimi naona vitu vitatu.

Cha kwanza ni robine. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ndani. Mlipanga bido zenu mstari mmoja tangu saa kumi na moja ya asubuhi, na pale ndipo habari zote zilipopita: nani amezaa, nani amefukuzwa kazi, mtoto wa nani hajarudi nyumbani. Mama akikosa foranga za bido, aliyefuata nyuma alimlipia.

Cha pili ni salongo. Enzi za Mobutu ilikuwa amri: siku imepangwa, kila nyumba itoe mtu na jembe au kupe-kupe, tusafishe mifereji. Tulinung'unika, lakini mifereji ilikuwa safi, na mvua ya Aprili ilipata njia ya kwenda ziwani. Shefu wa nyumba kumi alipita akihesabu. Alijua nyumba ya tano ina vijana wangapi na nyumba ya nane ina mjane peke yake, asiitwe.

Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni matanga. Mtu akifa, watu wanalala kwa marehemu, moto unawashwa mu kiwanja, na asubuhi kijana anatumwa na kitabu. Anapita nyumba kwa nyumba kufuata mstari wa avenyu, hapiti kufuata kabila wala kanisa. Huyu ametoa kopo mbili za unga wa muhogo, huyu mkaa, huyu ndakala, huyu pesa. Jina la mwenye nyumba linaandikwa, na alichotoa kinaandikwa pembeni. Siku msiba ukifika kwako, kitabu kinafunguliwa, na unarudishiwa kama ulivyotoa. Hatukukiita mutuelle wala shirika. Tulikiita tu kitabu cha matanga.

Shikeni kitabu hicho mu akili, nitakirudilia.

Kukimbia hakukuanza na sisi. Mei 1964 waasi wa Mulele waliichukua Uvira, na wazee wetu wengi walipanda mlima au walivuka ziwa. Mama yangu alihesabu umri wa watoto wake kwa ile vita: huyu kabla ya Mulele, huyu nyuma ya Mulele. Halafu zamu ikageuka, sisi ndio tukapokea. Warundi walikimbilia kwetu 1972, tena 1993. Kabla ya vita ya 1996, kambi za kando ya Uvira zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao Warundi. Watoto wao walichota maji pamoja nasi. Hatukujua kama tulikuwa tunajifunza somo letu wenyewe.

Oktoba 1996 risasi zikafika mjini. Tarehe 24 Uvira ilikuwa imeanguka. Kiwanda cha Kiliba kilisimama, na maelfu ya familia zikashika njia ya Fizi au ya ziwani kwenda Kigoma. Mu Novemba mwaka ule ule Tanzania na HCR zilifungua kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Vita ya pili, Agosti 1998, ikaleta wengine.

Sasa angalieni tulifanya nini kule. Kambi ilikatwa zoni, vijiji na klasta, na tulipangwa na watu tusiowajua. Mtoto wa kwanza wa klasta yetu alipokufa, hakuna aliyetoa amri. Mzee mmoja wa Fizi alichukua daftari la shule la mjukuu wake, akapita nyumba kwa nyumba. Unga ulikuwa wa posho na haukutosha hata siku zake, lakini kila nyumba ilitoa kikombe. Chama hiki mnachosoma gazeti lake kilizaliwa pale, mu daftari lile, kabla ya mhuri na kabla ya mfadhili yeyote. Wafadhili wetu tunawashukuru sana, lakini ni vizuri wajue kwamba walikuta moto umekwisha kuwaka, wao wakaongeza kuni.

Oktoba 2005 meli ya kwanza ya kurudisha wakimbizi kutoka Tanzania ilitia nanga Baraka. Mimi nilifuata mwaka uliofuata. Kutoka Baraka tulipanda lori mpaka Uvira, kama kilomita 90, siku nzima ya vumbi. Nikafika mu avenyu yetu jioni. Nyumba ya baba ilikuwa na mabati mapya na watoto nisiowajua walikuwa wanacheza kiwanjani.

Wengi wenu mnaijua ile saa. Unasimama barabarani na mzigo, na mtoto anakuuliza: "Baba, unatafuta nani?"

Waliokuwa ndani hawakuwa wezi. Walikuwa familia ya watu wa mlimani, nao waliokimbia, waliouziwa ile parseli na mtu aliyesema ni yake. Karatasi yao ilikuwa na sahihi. Karatasi ya baba yangu iliungua. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na mwenye haki ya nguvu ni mwenye sertifika. Sasa niambieni, mu kartie zetu ni watu wangapi waliokuwa na sertifika? Wengi walikuwa na kikaratasi cha shefu, kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia.

Shefu wa kartie aliita kikao. Nilikwenda bila kitu mkononi. Majirani wakaanza kufika, wale waliobaki. Fundi mmoja akasema: "Huyu tunamujua. Baba yake ndiye alipanda ule muembe." Mwingine akaonyesha mahali mfereji wa mpaka ulipopita. Halafu mama mmoja mjane, aliyekuwa amevuka vita zote mbili mu nyumba yake, akafungua kitambaa na kutoa daftari. Kilikuwa kitabu cha matanga cha avenyu. Alikuwa amekificha pamoja na nguo za ndoa yake. Kurasa zimeliwa na mende pembeni, lakini mstari ulisomeka: nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya sita, jina la baba yangu, kopo tatu za unga.

Hakuna mtu aliyeandika kile kitabu ili kiwe ushahidi wa ardhi. Kiliandikwa kwa ajili ya unga. Lakini kwa sababu kijana alipita nyumba kwa nyumba bila kuruka, kilijua nani alikaa wapi kuliko ofisi yoyote.

Tulisikilizana. Ile familia ilikaa mpaka walipopata mahali, miezi saba, nami nililala kwa jirani. Wao walihamia avenyu ya tatu. Baba wa ile familia alipofariki, nilibeba mkaa kwake, na jina langu liko mu kitabu chao.

Si kila mtu alipata hivyo. Ndugu yetu mmoja, mwanachama mwaminifu, alirudi akakuta avenyu yao haina hata mtu mmoja wa zamani. Wote walikuwa wamekufa au wametawanyika. Alikuwa na haki kama mimi, lakini hakuwa na shahidi. Mpaka leo anapanga. Kati yake na mimi hakuna tofauti nyingine: mimi nilikuwa na waliobaki.

Na hatari haijaisha. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka mu njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka, mawe makubwa ya mlimani yakakaa mahali palipokuwa na sebule za watu. Mwembe wa baba ulikwenda na maji. Mfereji wa mpaka haupo tena. Kando ya ziwa nako maji yamepanda yakaingia mu parseli za watu. Alama zote za udongo zinaweza kwenda. Iliyobaki ni alama moja, nayo ni mtu anayekumbuka. Na yule mama mjane wa daftari tulimzika miaka miwili baada ya mimi kurudi.

Kwa hiyo narudi kwenye mabishano yetu. Tukisema sanduku la matanga ni la waliorudi tu, kijana wetu atapita mu avenyu akiruka nyumba. Ataruka nyumba ya sita kwa sababu hawakwenda Nyarugusu, ataruka ya tisa kwa sababu walikimbilia mlimani. Tutakuwa na kitabu chenye matundu. Siku mtoto wako atakapoulizwa "wewe ni nani hapa?", atakuwa na mashahidi ambao nao waliulizwa swali lile lile.

Tena shida za avenyu hazichagui. Utafiti uliofanywa hapa Uvira na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba maji ya robine yakikatika, wagonjwa wanaopokelewa kwa tuhuma ya kolera wanaongezeka mu siku 12 zinazofuata. Kolera haiulizi nani alikuwa kambini.

Najua maumivu ya wanaokataa. Kuna waliobaki ambao walichukua milango yetu na mabati yetu, tunawajua kwa majina. Sisemi tuwasahau. Lakini waliobaki walilipa yao pia: walizika watu wao usiku, bila matanga, kwa sababu kuwasha moto kiwanjani kulikuwa kujiita risasi. Hilo sikulijua mpaka nilipouliza.

Ninapendekeza mambo mawili, mkutano ndio utaamua. Moja, sanduku liwe la avenyu, kila nyumba inayokubali mchango iingie. Mbili, kitabu kiandikwe upya, nyumba kwa nyumba, na pembeni ya kila jina wazee wawili waseme wanachokumbuka juu ya ile parseli: nani alijenga, nani alipakana naye. Nakala moja kwa shefu, moja kwa komite, moja kwa mama fulani mwenye kitambaa na akili.

Mwenye kuwa na daftari la zamani, hata lenye kurasa tano tu, alete mu mkutano ujao. Msilitupe juu limechakaa. Mzee ambaye hawezi kutembea atuambie, tutakwenda kwake na kalamu.