Watu Wenye Ulemavu na Utafiti wa Tiba: Dhuluma Mbili

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi zilizotengenezwa makusudi ili zigande kwenye meno. Watafiti walitaka kujua jinsi sukari inavyoozesha meno, na jibu wakalipata: hatari zaidi ni sukari inayonata, hasa ikiliwa kati ya mlo na mlo. Taifa zima likanufaika. Walioozeshewa meno hawakuombwa ridhaa.

Zama hizohizo, katika Fernald, shule ya watoto waliohesabiwa kuwa na ulemavu wa akili huko Massachusetts, Marekani, wavulana waliandikishwa kwenye "Klabu ya Sayansi". Walipelekwa kutazama besiboli, huku uji wao wa shayiri ukitiwa madini yenye mnururisho. Barua zilizotumwa kwa wazazi hazikuutaja mnururisho huo.

Kisha ikaja Willowbrook, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko New York. Kuanzia mwaka 1956, timu ya Dkt. Saul Krugman iliwaambukiza watoto homa ya ini kwa makusudi. Utetezi wao ulikuwa kwamba ugonjwa ulishaenea mle ndani, ungewapata tu, na kwamba wazazi walitia saini. Lakini shule ilipofurika na kuacha kupokea watoto mwaka 1964, wodi ya utafiti iliendelea kuwapokea. Mzazi aliyeelemewa, asiye na pengine pa kumpeleka mwanawe, alikuwa na hiari gani?

Kanuni hazikukosekana. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zilianza na sharti la ridhaa ya hiari. Hata hivyo ilibidi Dkt. Henry Beecher aanike tafiti 22 zilizokiuka maadili mwaka 1966, Willowbrook ikiwamo, ndipo wengi washtuke. Marekani ilitunga sheria ya utafiti mwaka 1974, na Ripoti ya Belmont kuhusu maadili ya utafiti ikafuata mwaka 1979.

Hofu ya kurudia dhuluma hiyo ikachangia nyingine: kuwafungia watu wenye ulemavu nje ya utafiti kwa jina la kuwalinda. Wengine wanaachwa kwa uzembe tu. Kiziwi anaachwa kwa kuwa hakuna aliyetenga fedha za mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona, kwa kuwa fomu haiko katika nukta nundu. Baadaye dawa inaidhinishwa, nao wanaandikiwa, ilhali haikujaribiwa kwa watu wenye hali kama zao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazikataa dhuluma zote mbili. Unapiga marufuku majaribio ya kitabibu bila ridhaa huru, na unataka mtu asaidiwe kuamua mwenyewe. Basi kila kamati ya maadili imuulize mtafiti: umewaacha nje akina nani, kwa sababu gani, na ulikaa nao wakati wa kupanga utafiti? Asiye na majibu asipewe kibali.